Dracula iliyo karibu zaidi na kitabu

Ndugu yangu, umeuliza ni Dracula ipi ya kwenye skrini inayofuata riwaya ya Bram Stoker vizuri zaidi. Itafute ya BBC ya mwaka 1977, Count Dracula, Louis Jourdan akiwa Dracula na Frank Finlay akiwa Van Helsing, profesa anayemwinda. Ina kama saa mbili na nusu, na urefu huo ndio nguvu yake: Jonathan Harker, wakili kijana Mwingereza aliyekwenda kwa Dracula kikazi, anapata muda wa kugundua kidogo kidogo kwamba pale ngomeni yeye si mgeni tena, ni mfungwa. Dracula anaposhuka ukutani kichwa chini kama mjusi, hicho ni kitabu chenyewe. Hata kisa cha mtoto mchanga anayeletwa kwa wale wanawake watatu wanyonya damu wa ngomeni kimo, na waongozaji wengi hukikwepa. Sehemu za Whitby, mji wa pwani ya Uingereza, zimepigwa Whitby kwenyewe.

Kuna walichobadilisha. Mina, mchumba wa Harker, na rafiki yake Lucy wamefanywa ndugu, na wanaume wawili kati ya waliomposa Lucy wameunganishwa kuwa mmoja. Hayo nayavumilia.

Filamu ya mwongozaji Coppola ya 1992, Bram Stoker's Dracula, inapendeza sana kwa mavazi, lakini jina la Stoker pale juu lisikuhadae. Mapenzi ya Mina na Dracula hayamo kabisa katika riwaya ya 1897. Mle riwayani Dracula anamlazimisha Mina kunywa damu yake, na Mina analia kwamba amenajisika. Ukiligeuza tukio hilo kuwa penzi, umeandika hadithi nyingine.