Una TB na unakaa nyumba ya kupanga: nani umwambie, nani umkaushie

Kuna dada wa huku kwetu Mbagala kakutwa na TB, kaja kuniuliza awaambie wapangaji wenzie au akaushe. Nikamwambia kaa hapa nikupe, mwenzio nimepita hukohuko, choo kimoja, koridoo moja, kila mtu anajua mwenzie kapika nini.

TB inaenda kwa hewa. Sahani, vikombe, kupeana mikono, hakuna kitu hapo. Kwa hiyo wa kuambiwa ni yule mnaevuta nae hewa moja masaa na masaa: unaelala nae, watoto wa ndani, mfanyakazi mwenzio mnaebanana ofisi ya kiyoyozi madirisha yamefungwa. Jirani wa chumba cha mwisho anaekusalimia ukipita na ndoo, huyo hapana.

Ila kwa nesi usifiche mtu. Akikuuliza unaishi na nani taja wote, maana mtoto wa chini ya miaka mitano anachunguzwa na hata asipokutwa nayo anaweza kupewa dawa za kumkinga, sasa wewe ukiona aibu unamkosesha. Na kama ni kazini muulize kama wanaweza kuja kupima watu bila kukutaja. Bosi mpe karatasi ya mapumziko inatosha.

Mama mwenye nyumba alisikia sijui kwa nani, akanigongea, "mwanangu nasikia unaumwa kifua kile, hebu nione cheti." Nikamwambia shikamoo mama, dozi nimeshaanza, wanaotakiwa kupimwa wameshapimwa, na wewe ukitaka kupima serikalini ni bure, ila cheti changu hapana. Alininunia hadi basi! Lakini alichokihitaji, yaani ajue afanye nini awe salama, alikipata, sasa jina langu kurushwa kwenye grupu la WhatsApp la mtaa lingemkinga na nini?

Na sheria ipo, ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya zinahesabiwa nyeti. Upande wa pili ugonjwa kama kipindupindu hospitali inaripoti utake usitake na ni sawa kabisa. Ule ugonjwa hatari wa virusi, Marburg, ulipoingia Kagera 2023 tulitangaziwa mkoa na idadi, waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa, jina la mgonjwa mimi sikulisikia na wala sikulihitaji.

Sasa siri isiwe kichaka cha kujificha. Kumficha mume au mke mnaelala kitanda kimoja huku unamkoholea usiku kucha, hiyo siyo faragha, ni roho mbaya tu. Wiki za mwanzo fungua madirisha, shinda kibarazani, funika mdomo. Ukimeza dawa vizuri, kwa wengi baada ya kama wiki mbili kuambukiza kunashuka sana (TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, ni habari nyingine, hapo msikilize daktari). Dozi yenyewe kwa kawaida ni miezi sita, usikatishe eti umenenepa.

Kituoni nako walikuwa wanaita "wa TB pitieni huku," foleni nzima inageuka. Nilimfuata mganga mfawidhi nikamweleza kistaarabu, wakaanza kuita kwa namba, kwa hiyo na nyie semeni.

Halafu zile dawa zinageuza mkojo unakuwa rangi ya Fanta, usishtuke, ni kawaida, ila choo cha kushea mwaga maji ya kutosha maana wambea wa uani hawahitaji cheti.