"Kazi kwa akili, si kwa nguvu": kwenye kahawa hapa Moshi ushauri huu una matundu

Mkuu, umeuliza kwa nini wazee wa Kibosho na Machame wanarudia mti uleule wa kahawa kila baada ya wiki mbili hivi kuchuma matunda mekundu tu, wakati wangeweza kupukuchua matawi yote siku moja wakamaliza. Ukasema wangetumia akili badala ya nguvu.

Usemi huo hautaji kazi ipi ipunguzwe, na hapo ndipo unapowaumiza watu. Kahawa huchanua kwa awamu kufuatana na mvua, kwa hiyo tawi moja hubeba matunda mekundu, ya manjano na mabichi kwa pamoja. Ukiyapukuchua yote, kazi haijaisha, umeihamishia kwenye mashine ya kumenya. Tunda bivu lina ulenda, ukilibana punje inateleza yenyewe. Bichi halina: linapita na ganda lake au linakatwa. Ukikaza mashine ili imenye mabichi, inajeruhi na mabivu. Punje zenye majeraha huchacha vibaya, na chache tu zinaharibu kikombe kizima. Kumbuka kilo moja ya kahawa safi, yaani punje zilizokobolewa, hutokana na kilo 5 hadi 6 za matunda, kwa hiyo ukiharibu hapo unapoteza kingi.

Kwenye kichanja, yaani meza ya kuanikia punje, ni vilevile. Tabaka liwe sentimita 2 hadi 4, ligeuzwe mara nyingi kwa siku, lifunikwe jua kali la mchana siku za mwanzo na kila jioni, mpaka unyevu ushuke asilimia 11 hadi 12. Anayemwaga nene ili ageuze mara moja, juu panakauka, chini panavunda.

Akili ina nafasi yake, tena kubwa. Chotara za kahawa za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, zinastahimili chulebuni (ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa) na kutu ya majani, hivyo gharama ya dawa za magonjwa hayo inashuka sana. Matandazo ya majani ya migomba yanapunguza palizi. Lakini chotara ikitunzwa huzaa zaidi, maana yake mikono ya kuchuma inahitajika zaidi, na kupogoa kuko palepale.

Ukilipa wachumaji kwa debe, umewalipa wachume haraka, na mabichi yataingia tu. Chambueni palepale shambani, juu ya turubai, kabla debe halijahesabiwa. Lililojaa mekundu matupu liongezee bei.