Friji ya mtumba: uliza kwanza kama inakata

Kila Shaabani ikiingia hapa Unguja, shoga zangu na jamaa huniuliza suala lile lile: "Nimeona friji ya mtumba Mwanakwerekwe, bei nzuri, niichukue?" Ramadhani iko mlangoni, juisi na sambusa zinataka baridi, na mtu anaona akichelewa siku mbili tatu mwenzake ataiwahi. Kabla sijauliza bei wala rangi, mie huuliza: inakata?

Friji nzima ikishafika baridi yake, mota hunyamaza yenyewe. Baada ya muda, joto likipanda kidogo ndani, huwaka tena. Huko ndiko kukata. Friji isiyokata hunguruma alfajiri hadi alfajiri, na anayeilisha ni wewe kwa TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla, miezi baada ya muuzaji kukusahau. Tufanye hesabu. Mota ya wati 150 ikifanya kazi saa 12 kwa siku na kupumzika 12, inakula uniti 1.8. Isipopumzika kabisa, uniti 3.6. Kwa mwezi wa siku 30 tofauti ni uniti 54. Zidisha kwa bei unayonunulia uniti, kisha angalia ile "bei nzuri" uliyopunguziwa dukani itadumu miezi mingapi.

Wifi yangu wa Jang'ombe alikuwa akinunua umeme kila mara, na lawama zote zikenda kwenye pasi na televisheni ya watoto. Nikamwambia tuzime kila kitu usiku mmoja, ibaki friji peke yake. Baada ya Isha tukaandika uniti zilizobaki kwenye mita, tukasoma tena baada ya Alfajiri. Hakuna aliyeilaumu pasi tena. Fundi alipokuja akakuta mpira wa mlango umekakamaa na kupasuka pembeni, baridi inavuja na joto linaingia, mota haipati nafasi ya kunyamaza. Mpira ukabadilishwa, friji ikaanza kukata. Ile ilikuwa na bahati, maana ugonjwa wake ulikuwa wa nje. Nyingine ugonjwa uko tumboni, na huo usiununue.

Kwa hiyo ukenda kuangalia, nenda asubuhi na umwambie muuzaji unataka kuiona ikianza kutoka kwenye joto. Ukiikuta imeshawashwa na ina baridi, omba izimwe na iachwe wazi, wewe ufanye shughuli zako Darajani, urudi baadaye. Ikichomekwa, sikiliza: mota iwake bila kugonga na bila kutetema. Baada ya dakika chache shika mabomba ya nyuma, yanatakiwa yapate uvuguvugu. Friji nyingi za miaka ya karibuni hazina mabomba ya nje, kwa hiyo shika ubavuni, hapo ndipo huchemka. Ubavu ukiwa baridi tu huku mota inanguruma, huenda gesi imepungua au haimo. Tia chupa ya maji ndani, funga, rudi baada ya Laasiri uone kama maji yamepoa na mota inakata. Muuzaji mwenye mali nzima hakasiriki. Anayekwambia "dada, hii ya Uingereza hii, haina haja ya kujaribiwa," muage kwa heshima.

Mpira wa mlango una kipimo chake. Chukua noti, ibane kwenye mlango nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Ikitoka kwa kung'ang'ania, mpira mzima. Ikiteleza, hapo panavuja. Fanya hivyo pande zote nne, hasa chini, ambako watu hawainami.

Tukija kwa hii ya "ya Uingereza", nataka niseme kwa kirefu, maana naona wengi wanaitumia kama kauli ya kumaliza mabishano. Friji hutengenezwa kwa hali ya hewa fulani, na imeandikwa kwenye kibandiko kilichomo ndani, mara nyingi ubavuni karibu na droo ya mboga. Tafuta herufi. SN na N maana yake friji imekusudiwa chumba kisichozidi nyuzi 32. ST ni hadi 38. T ni hadi 43. Ukiona SN-T, basi inafika mpaka 43, ichukue bila wasiwasi kwa upande huo. Sasa fikiria jiko la nyumba ya Unguja mwezi wa Januari, kaskazi inavuma, bati juu, na sufuria ya wali iko motoni. Friji ya N humo huenda isikate, hata kama haina kasoro yoyote. Ndiyo maana friji iliyotoka Dubai, kwa watu wenye joto kuliko sisi, mara nyingi hutufaa zaidi kuliko iliyotoka kwenye baridi. Lakini usiende kwa jina la nchi. Soma kibandiko.

Kibandiko hicho hicho kitakwambia na umeme. Wetu ni volti 230. Plagi ya pini tatu bapa ni ya Uingereza na Dubai, na ndiyo yetu, ila plagi hubadilishwa kwa dakika tano, kwa hiyo si ushahidi. Vitu vya Japani ni volti 100. Friji ya Japani ukiichomeka ukutani moja kwa moja, umeiunguza. Itataka transfoma, nayo transfoma ina bei yake na hula umeme wake. Mie kwa friji ya kuwashwa saa 24 simshauri mtu kuichukua, hata ikiwa nzuri ya kutamanisha.

Halafu fungua sehemu ya barafu. Peleka vidole kwenye kuta zake taratibu. Watu hukwangua barafu kwa kisu, kisu hutoboa, gesi hutoka, kisha fundi huziba kwa gundi na kupaka rangi nyeupe juu. Ukihisi kiraka, uvimbe au mchirizi wa kisu, iache. Pale palipozibwa hupasuka tena, na kila pakipasuka ni gesi mpya. Kwenye gesi nako tazama nyuma karibu na mota, utaona pameandikwa R134a au R600a. R600a inashika moto, utaona na alama ya pembetatu yenye mwali. Ndani huwa kidogo sana na si hatari ikiwa imefungwa vyema, ila fundi lazima aijue: asitie 134a kwenye mota ya 600a, na asipitishe moto wa kulehemu kabla hajaitoa yote na kufungua madirisha. Muulize fundi wa mtaani kwenu anafanya kazi na ipi kabla hujanunua.

Na kutu. Sisi tumezungukwa na bahari, chumvi iko hewani. Rangi mpya inayong'aa mlangoni haina maana. Piga goti, tazama miguu, sahani iliyobeba mota, na maungio ya mabomba. Kutu ya juu juu si tatizo. Kutu inayomeguka ukiigusa, hasa kwenye bomba, ni safari ya fundi isiyokwisha.

Kuna vifriji vidogo vinavyotoka hotelini wakikarabati vyumba, huuzwa rahisi, na mabwana harusi huvipenda. Vingi havina mota, hupoza kwa kidude cha umeme kinachochemsha dawa iliyomo kwenye mabomba, ndiyo maana viko kimya mgeni alale. Kimya hicho kina gharama: kidude cha wati 60 kikivuta mchana na usiku hula karibu uniti moja na nusu kwa siku, na ndani hamwenei zaidi ya soda na maji, tena baridi ya wastani. Kwa nyumba ya watu wawili ni bora mkusanye upatu mkanunue friji ndogo mpya yenye dhamana. Kwa kweli kwa familia ndogo mie mtumba simhimizi mtu, ila pale penye watu wengi na mfuko mdogo.

Kama unataka kufanya biashara ya barafu na malai, usinunue friji ya kusimama. Nunua friza ya kulala, ile ya mfuniko juu. Baridi ni nzito, hukaa chini, kwa hiyo watoto wakifungua mara kumi jioni haimwagiki yote miguuni. Umeme ukikatika pia ina faida kubwa. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi barafu kama saa 48. Ikiwa nusu, kama saa 24. Friji ya kawaida ni saa nne hivi. Kwa hiyo isiyojaa ijaze chupa za maji. Wanaokumbuka Unguja ilivyokaa gizani Mei na Juni 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanajua hakuna friza ya kuhimili hayo, lakini kwa kukatika kwa kawaida inatosha kuokoa mtaji wa mtu.

Kinachoua mota zaidi si kukatika, ni kurudi. Umeme unarudi kwa pupa, unapanda unashuka, na mota inataka kuwaka hapo hapo. Nunua kile kifaa cha kulinda friji, cha kuchomeka ukutani chenye taa tatu. Nyekundu maana yake umeme si mzuri, ya manjano kinasubiri, ya kijani kimeruhusu. Dakika hizo chache za manjano ndizo ulizozilipia, kwa hiyo usikubali mtoto akichomoe kwa sababu "kinachelewesha". Huna pesa yake leo? Umeme ukikatika, chomoa friji, na ukirudi subiri dakika kumi.

Kubeba: isimame. Mwambie hamali na mwenye gari mapema, kabla ya kukubaliana bei. Walioko Pemba wanaoletewa kwa boti hadi Mkoani au kwa jahazi, hamna uhakika ililazwa au la, kwa hiyo ikifika isimamisheni usiku mzima ndipo muiwashe, ili mafuta yarudi kwenye mota. Iwekwe mbali na jiko, na nyuma ibaki nafasi ya kiganja kutoka ukutani.

Mapatano yote yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: jina la muuzaji, simu, tarehe, bei, na siku za kuirudisha ikiwa haikati. Omba wiki mbili, atakupa moja. Na kama baridi ya Ramadhani hii unaweza kuazima kwa jirani, ngoja Mfunguo Mosi. Sikukuu ikishapita maduka yanapwaya, muuzaji ana muda wa kukuwashia friji kutwa nzima, na bei inazungumzika.