Injini ikinoki, metali mpya zisubiri

Fundi anayeanza akiletewa Subaru ya turbo au Altezza inayogonga chini, akili inakimbilia metali, vile vipande vyembamba vinavyokalia krenki (shafti kuu ya injini): fungua, toa za zamani, weka mpya, mteja aondoke. Muda si mrefu gari linarudi na mlio uleule. Metali hazifi hivihivi. Kuna kitu kimeziua, na usipokipata, hizo mpya nazo zinaenda.

Sikiliza kwanza. Konrodi, mkono unaounga pistoni na krenki, hugonga kwa mlio mkali wa harakaharaka, hasa kwenye mizunguko 2000 hadi 3000 unapoachia pedeli. Chomoa soketi ya koili, silinda moja baada ya nyingine. Mlio ukipungua ghafla, umeipata. Meni, yaani metali zinazoishika krenki kwenye bloku, hugonga kwa sauti nzito zaidi, injini ikibebeshwa mzigo. Na usizunguke nalo mjini "kulisikiliza vizuri", maana kila dakika krenki inaliwa.

Halafu presha. Taa nyekundu ya oili huwaka kwa kuchelewa, kwenye injini nyingi karibu na 0.3 bar, na hapo uharibifu umeshaanza. Fungua swichi yake, funga geji mahali pake, acha injini ipate moto kabisa ndipo usome. Kipimo cha jumla ni psi 10 kwa kila mizunguko 1000. Presha ikiwa nzuri asubuhi na kuanguka injini ikipata moto, shuku metali zilizolegea, pampu iliyochoka, au oili iliyoingiliwa na petroli. Nusa stiki.

Ukishafungua, panga metali mezani kwa namba za silinda, kila kipande na mwenzake, uzisome. Rangi ya kijivu ikiisha na shaba kutokeza, tabaka la juu limekwisha. Kipande cha upande wa konrodi kikiliwa na cha kwenye kepu (kifuniko chake cha chini) kikabaki kizima, huo ni ugongaji wa mlipuko ndani ya silinda: petroli duni, taiming, au mtu kapandisha presha ya turbo. Michirizi ya kuzunguka ni uchafu. Kiangazi chetu Tabora, kagua filta ya hewa na klipu za mipira yake. Ukingo mmoja ukiliwa peke yake, pima konrodi kama imepinda. Jonali, yaani shingo ya krenki inayokaa ndani ya metali, ikiwa ya bluu maana yake oili haikufika.

Kwa nini haikufika? Tazama strena, wavu unaochuja oili inayovutwa na pampu, kabla ya kulaumu pampu yenyewe. Kuna mafundi wanaopaka silikoni kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, kama siagi kwenye mkate. Inayobanwa kwenda ndani hukatika nyuzinyuzi na kuziba wavu. Mstari mwembamba wa milimita 3 unatosha. Kwenye Subaru zenye injini za EJ, kagua pia bomba la strena penye weldi. Likipata ufa pampu inavuta hewa, na taa huanza kumetameta kwenye kona au ukifunga breki. Badilisha tu, halina thamani ya kubishania.

Krenki ipime kwa maikromita, kila jonali sehemu mbili na pande mbili. Kikomo cha uduara kiko kwenye kitabu cha injini. Ikikipita, inasagwa ipungue 0.25 au 0.50 mm, na metali zinakuwa za saizi hiyo. Usipige simu Ilala, Dar es Salaam, kuagiza metali kabla krenki haijarudi kutoka kusagwa, utaletewa saizi isiyokaa. Ikirudi, sugua matundu ya oili kwa brashi na kupuliza kwa kompresa. Vumbi la jiwe lililobaki humo ni sumu.

Kupima nafasi kati ya metali na jonali tumia plastigeji, uzi laini wa plastiki unaobanwa humo ukatanuka: jonali kavu, kaza kwa torki, krenki isizunguke, fungua, linganisha upana. Kitabu kisipokuwepo, kadiria 0.025 mm kwa kila milimita 25 za kipenyo. Jonali ya 52 mm inataka kama 0.05. Nafasi ikizidi, usipige tupa kepu wala kuweka karatasi nyuma ya metali. Hayo yapo, na ndiyo yanayorudisha magari.

Mgongo wa metali uwe mkavu na safi, uso upakwe oili. Kepu zisibadilishane. Bolti za kuvutika, zile zinazorefuka zikikazwa, ni za matumizi ya mara moja.

Kabla ya kuwasha, chomoa sensa ya krenki na uzungushe stata, si zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo, mpaka geji ipande. Mwambie mteja anayependa kukimbiza barabara ya Nzega achungulie stiki kila anapojaza mafuta, maana turbo ikikanyagwa muda mrefu hunywa oili. Oili ya kwanza imwagwe kilomita 500, kisha kila 5000. Filta ya kwanza ikate, kunjua karatasi juani, pitisha sumaku: chembe za shaba hazinasi. Ukiziona, rudisha geji kwenye injini kabla ya kurudisha funguo.