Kutu kwenye mtutu wa gobori

Ndugu, umeuliza kwa nini gobori lako, bunduki ya kushindilia baruti kupitia mdomo wa mtutu, linashika kutu ilhali unalipaka mafuta kila ukitoka kulenga shabaha. Masizi ya baruti nyeusi yana chumvi inayovuta unyevu hewani, nayo huyeyuka kwa maji, si kwa mafuta. Ukipaka mafuta juu yake umeifunika tu. Toa fataki (kile kidude cha kuwashia baruti), tumbukiza mdeki, yaani ufito wa kushindilia, uhakikishe mtutu ni mtupu, kisha sugua kwa maji ya vuguvugu na sabuni mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kausha sawasawa, ndipo upake mafuta. Kesho yake pitisha kitambaa tena.

Hilo wazo la kujaribu baruti ya kisasa isiyotoa moshi, nakusihi, liache kabisa. Mtutu unaweza kukupasukia usoni.