Hiyo taa ya Raskazone mbona ndege tu

Mwanakwetu, unauliza ile taa uliyoiona jioni wakati wa magharibi pale Raskazone, Tanga, imeganda juu ya bahari kisha ikapinda ikapotea, kama ni wageni wa anga. Mi naona ni kindege cha kutoka Pemba, kikija usoni kwako taa yake haionekani kusogea kabisa mpaka kigeuze ubavu. Na hauko peke yako, jeshi la anga la Marekani lilichunguza mambo haya kwenye mradi wa Blue Book 1952 hadi 1969, ripoti 12,618, zilizokosa jibu 701 tu, nyingi zilikuwa ndege, maputo, nyota. Ila utamu uko kwenye U-2, ile ndege ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, iliyoanza kuruka 1955, yenyewe ilikuwa inapita zaidi ya futi 60,000 wakati za abiria za enzi hizo zilikuwa zinaishia elfu 20 hivi, sasa jua likishamzamia rubani wa chini kule juu lilikuwa bado linapiga kwenye bawa la rangi ya fedha, jamaa anaona moto unaelea tu. Wachunguzi wa Blue Book walikuwa wanaulizia CIA, wanajua kabisa ni ndege ya CIA, lakini raia anajibiwa eti hali ya hewa, maana ndege ni siri. Hapo ndo watu walipoanza kuwatilia shaka, na siwalaumu bwana.