Mshtuko wa moyo usio na haraka nao unahitaji kliniki

SWALI: Daktari, baba yangu na baba yangu mdogo wamepata mshtuko wa moyo mwaka huu. Baba alizibuliwa mshipa saa ileile, akawekewa stenti, kibomba kidogo cha kuuweka mshipa wazi, na kupangiwa kliniki pamoja na mazoezi yanayosimamiwa. Baba mdogo aliambiwa kuwa wake ni mdogo, akapewa dawa na kuruhusiwa bila tarehe ya kurudi. Je, hiyo ni sawa?

JIBU: Tofauti ya haraka siku ya kwanza ilikuwa sahihi, lakini kumwacha baba yako mdogo bila tarehe ya kliniki si sahihi. Mshipa wa baba yako yaelekea uliziba kabisa, hali ambayo kipimo cha umeme wa moyo huionyesha mapema, na kila dakika inayopotea huua misuli ya moyo. Katika aina ya pili, ambayo yaelekea ndiyo ya baba yako mdogo na ambayo kwa kawaida mshipa huziba kwa sehemu, kinachoithibitisha ni kupanda kwa troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli hiyo inapoumia.

Wagonjwa wa aina hii ya pili mara nyingi wana umri mkubwa zaidi, kisukari, maradhi ya figo au mishipa kadhaa iliyoharibika. Ndiyo maana, ingawa aina ya kwanza huua zaidi siku za mwanzo, baada ya mwaka mmoja hivi hatari huwa imelingana, na pengine aina ya pili huwa imeitangulia. Nasikitika kila ninaposikia familia ikitulizwa kwa kuambiwa kwamba ni jambo dogo.

Kwa hiyo wote wawili wanahitaji aspirini pamoja na dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida kwa miezi 12 isipokuwa kama hatari ya kutokwa damu ni kubwa, dawa ya kushusha kolesteroli, mazoezi yanayosimamiwa, na kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Uwezo wa moyo kusukuma damu ukiwa asilimia 40 au chini, dawa huongezwa na kipimo hurudiwa baada ya wiki kadhaa.

Ipo hali moja inayobadilisha mpango huu: pale moyo unapokosa oksijeni kwa sababu ya upungufu mkubwa wa damu, maambukizi makali au mapigo ya kasi mno, bila donge lolote kwenye mshipa. Hapo hutibiwa kwanza chanzo, na dawa mbili za kuzuia damu kuganda huenda zikadhuru kuliko kusaidia. Kwa hiyo ombeni fomu ya kuruhusiwa ya baba mdogo, mtazame aina ya mshtuko iliyoandikwa, matokeo ya eko na muda wa kila dawa, kisha mwende nayo kwa daktari wa moyo wiki hii, naye asiache dawa yoyote kabla ya hapo.